Jinsi ya Kusakinisha Programu za Bure Bila Kubebeshwa Usizozitaka: Mwongozo kwa Wenye Kompyuta wa Tanga

Kompyuta nyingi zilizomo katika steshenari za Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, hutumiwa na watu wengi kuliko mwenye duka mwenyewe. Humo hujazwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, huhakikiwa vyeti vya kuzaliwa, huchapwa barua za kazi, na hufunguliwa barua pepe za watu wasio na kompyuta nyumbani. Mashine kama hiyo ikianza kufungua ukurasa wa utafutaji usiojulikana, ikarusha matangazo pembeni mwa skrini na kumaliza bando kabla ya adhuhuri, mwenye nayo husema imeingiwa na virusi. Mara nyingi si virusi. Ni programu iliyopita mlango wa mbele wakati mtu anasakinisha kitu kingine cha bure, na ikapita kwa idhini yake, kwa sababu alibofya “Next” mfululizo bila kusoma.

Mwongozo huu unahusu kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo zilizoenea zaidi madukani na maofisini. Programu zinazoingia kwa mlango huo nitaziita programu za kudandia, kwa kuwa husafiri kama vijana wanaorukia nyuma ya lori: dereva anajua alichopakia, lakini hajui nani mwingine amebebwa.

Pesa iko wapi

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini jambo hili lipo, maana anayeelewa hutambua mtego hata unapobadilishwa sura. Mtengenezaji wa programu ya bure naye anahitaji riziki, na mojawapo ya njia za kuipata ni kulipwa na kampuni nyingine kila programu ya kampuni hiyo inapoingia katika kompyuta mpya kupitia kisakinishi chake. Utafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York uliotolewa mwaka 2016 ulieleza kwamba malipo hayo yalikuwa kati ya senti 10 za dola na dola 1.50 kwa kila usakinishaji, na kwamba mfumo wa tahadhari wa Google ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za namna hii.

Wala biashara hii haikuwa ya wahuni wa vichochoroni peke yao. Kwa miaka mingi kisakinishi cha Java kilikuja na upauzana (toolbar) wa Ask, yaani mstari wa vitufe unaojibandika juu ya kivinjari, ukiwa umeshatiwa tiki, na ukurasa wa kupakulia Flash Player ya Adobe ulikuwa na tiki ya bidhaa ya McAfee iliyowekwa tayari. Tovuti za kupakulia nazo zikaingia humo humo. Mwaka 2011 tovuti ya Download.com ilianza kuzifunga programu za watu wengine ndani ya kisakinishi chake yenyewe, na mtunzi wa Nmap, programu ya kukagua mitandao, Gordon Lyon, akalalamika hadharani mwezi Desemba mwaka huo baada ya kukuta programu yake imefanyiwa hivyo. SourceForge, tovuti nyingine ya kupakulia programu ambayo mafundi walikuwa wakiiamini kwa macho yaliyofumbwa, ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2013, na waliokuwa wakitoa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa Windows wakaihama. Wamiliki wapya walioinunua mwaka 2016 waliufuta mpango huo. Ninayataja haya kwa sababu moja ya msingi: sifa ya tovuti hupanda na kushuka kadiri wamiliki wanavyobadilika, kwa hiyo kusema “mimi hupakulia pale siku zote” hakutoshi.

Wapo pia waliokataa. Jean-Baptiste Kempf, anayeongoza VideoLAN, shirika linalotengeneza programu ya kuchezea video ya VLC, ameeleza hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ili VLC isibebeshwe matangazo. Ndiyo maana VLC iliyochukuliwa kwa wenyewe ni safi, na VLC iliyochukuliwa kwingine huenda isiwe safi, ingawa ikoni ni ile ile ya rangi ya chungwa.

Maandalizi ya kompyuta

Jambo la kwanza ni kutenganisha akaunti. Akaunti ya msimamizi, yenye nywila, ibaki kwa mwenye duka au kwa mtu mmoja anayeaminika, na kazi za kila siku zifanyike katika akaunti ya kawaida. Programu nyingi zinapotaka kujiweka katika mfumo mzima zitaomba nywila ya msimamizi, na dirisha hilo la kuomba nywila litampa kijana wa zamu nafasi ya kujiuliza kama alichoomba mteja kinahitajika kweli. Tahadhari yake ni kwamba baadhi ya programu hujisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba chochote, kwa hiyo akaunti ya kawaida hupunguza hatari lakini haiimalizi.

Jambo la pili ni kuwasha kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ambayo watu wengi hawajui kuwa wanayo. Fungua Windows Security, ingia “App & browser control”, kisha “Reputation-based protection settings”, na hakikisha sehemu ya “Potentially unwanted app blocking” imewashwa, pamoja na visanduku vyake viwili vya kuzuia programu na kuzuia upakuaji. Kisanduku cha upakuaji hukihusu kivinjari cha Edge. Kinga hii iliingia katika mipangilio ya Windows 10 mwaka 2020, na kuanzia Agosti 2021 Microsoft ilianza kuiwasha yenyewe, lakini kompyuta iliyopita mikononi mwa mafundi watatu huenda ikawa imezimwa na mmoja wao. Ikiwa mashine ina antivirusi ya kampuni nyingine, ujue kwamba sehemu ya kuzuia programu hutegemea Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, kwa hiyo itafute kinga ya namna hiyo ndani ya mipangilio ya antivirusi hiyo.

La tatu ni kuweka mahali pa kurudia, yaani kuhifadhi mipangilio ya kompyuta ilivyo sasa ili uweze kuirejesha mambo yakiharibika, kabla ya kusakinisha kitu usichokifahamu. Andika “Create a restore point” katika menyu ya Start, washa ulinzi wa diski C kama umezimwa, kisha bofya “Create” na uipe tarehe. Kazi hii ni ya dakika chache.

Kuchukua faili mahali panapostahili

Hapa ndipo ninapoamini kwamba zaidi ya nusu ya kazi inaishia, na ndipo watu wanapopapita mbio kuliko pengine popote. Ukiandika jina la programu katika Google, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na yana neno dogo la “Sponsored” linaloonyesha hivyo. Yavuke. Aliyelipa ili awe juu ya mwenye programu inayotolewa bure lazima anatafuta mahali pa kurudishia fedha yake. Shuka hadi kwenye matokeo ya kawaida, na hata hapo soma anwani yenyewe, usisome kichwa cha habari tu: VLC iko videolan.org, 7-Zip iko 7-zip.org, LibreOffice iko libreoffice.org, GIMP iko gimp.org, na Firefox iko mozilla.org au firefox.com. Anwani inayofanana kwa herufi lakini yenye mwisho tofauti ni ya mtu mwingine mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa programu usiyoijua anwani yake, njia niipendayo ni kufungua makala ya Wikipedia kuhusu programu hiyo na kufuata anwani ya tovuti rasmi iliyoko katika jedwali la pembeni, kisha kuilinganisha na ile iliyotolewa na Google.

Ukishafika kwenye ukurasa, jihadhari na vitufe. Kurasa nyingi za kupakulia huwa na tangazo lenye kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa “Download” au “Start Now”, na kitufe halisi kikawa mstari mdogo wa maandishi chini yake. Weka kishale juu ya kitufe bila kubofya, uangalie kona ya chini kushoto ya kivinjari, ambako anwani ya kinakokwenda itajitokeza. Ikiwa anwani hiyo ni ya tovuti nyingine kabisa, kitufe hicho si chako. Ukurasa ukikuomba ruhusa ya kukutumia arifa kabla haujakupa faili, kataa. Ruhusa hiyo ndiyo chanzo cha matangazo mengi yanayojitokeza pembeni mwa skrini ambayo watu hudhani yametoka kwenye programu.

Faili likishashuka, tazama ukubwa wake. VLC ya Windows ni ya MB 40 na kidogo, na LibreOffice huvuka MB 300. Ukipata “VLC” yenye MB 2, hujapata VLC, umepata kipakuzi ambacho kitakwenda kuileta, na njiani kitakuletea na wenzake. Kipimo hiki hakifai kwa kila programu, kwa kuwa 7-Zip yenyewe ni ya MB moja na nusu hivi na ni halali, na kisakinishi kidogo cha Chrome kutoka Google nacho ni cha mtandaoni. Lakini kwa programu unayoijua uzito wake, ni kipimo chepesi kuliko vyote.

Kulikagua faili kabla ya kulifungua

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, na utafute kichupo cha “Digital Signatures”. Kama kipo, jina lililoandikwa humo linapaswa kuwa la mtengenezaji. VLC itaonyesha VideoLAN. Jina la kampuni ya masoko usiyoijua juu ya kisakinishi cha programu unayoijua ni sababu tosha ya kulifuta faili hilo papo hapo. Kukosa saini si kosa la kufukuzia kila programu, maana 7-Zip kwa miaka mingi imetolewa bila saini na Windows huandika kwamba mchapishaji hajulikani. Hapo utategemea zaidi uhakika wa mahali ulipolichukua.

Ukiwa bado na shaka, lipeleke faili kwenye virustotal.com, ambayo hulipima kwa antivirusi nyingi kwa pamoja na hupokea hadi MB 650. Usihangaishwe na antivirusi moja tu kati ya dazeni kadhaa inayopiga kelele. Soma majina ya onyo: maneno kama “PUA” na “PUP” (programu isiyotakiwa), “Adware” (programu ya matangazo) au “Bundler” (kisakinishi kinachobeba programu nyingine) yakijirudia kwa antivirusi kadhaa zinazojulikana, ndiyo ishara tunayoizungumzia. Jambo moja tu: usipeleke huko nyaraka za wateja, kwa kuwa mafaili yanayopandishwa hushirikishwa kwa wachunguzi wengine.

Skrini kwa skrini

Tuchukue kisakinishi cha programu ya kubadilisha PDF cha aina ile inayopatikana kila mahali. Skrini ya kwanza hukukaribisha. Skrini ya pili hukupa njia mbili: “Express” au “Recommended”, iliyochaguliwa tayari na kuandikwa kwa herufi nzito, na “Custom” au “Advanced”, iliyofifishwa kana kwamba haibofyeki. Inabofyeka. Chagua hiyo ya pili kila mara, hata kama kisakinishi kinadai ni ya mafundi, kwa sababu anayechagua ya haraka huwa amekubali kila kitu kilichofichwa nyuma yake bila kuonyeshwa. Ukiifungua utakuta visanduku vitatu au vinne vilivyotiwa tiki: kuweka ukurasa mpya wa kwanza wa kivinjari, kubadilisha injini ya utafutaji, kuongeza upauzana. Ondoa tiki zote hizo. Soma kwa utulivu, maana baadhi hupindua lugha, yaani kutia tiki ndiko kukataa.

Skrini ya tatu ndiyo inayowanasa hata waangalifu. Inafanana kabisa na ile ya masharti ya matumizi, ina maandishi marefu na vitufe viwili, na mtu aliyezoea kukubali masharti hukubali. Ukitazama juu utaona kwamba jina lililoandikwa si la programu uliyoitaka. Hayo ni masharti ya programu nyingine. Bofya “Decline” au “Skip”. Watu huogopa kitufe hicho wakidhani kazi yote itakatika. Haitakatika, kisakinishi kitaendelea na programu yako. Kinachokatisha kazi ni kitufe cha “Cancel” au alama ya X pembeni, na hata hivyo kuikatisha si hasara ikiwa kisakinishi hakikupi nafasi ya kukataa. Skrini ya kukataa inaweza kurudi mara mbili au tatu ikiwa na ofa tofauti, kwa hiyo usiache kusoma baada ya kukataa ya kwanza.

Skrini ya mwisho, ile ya “Finish”, huwa na tiki zake: kufungua tovuti, kuwasha programu kila kompyuta inapowaka, kusakinisha kivinjari fulani. Ziondoe kabla ya kumaliza.

Kuhusu programu zilizovunjwa ulinzi, zile ambazo maelekezo yake huanza na “zima antivirusi kwanza”, mwongozo huu hauna la kukusaidia. Hakuna kisanduku cha kuondoa tiki humo, na kinachodandia huenda ni kibaya kuliko upauzana.

Njia zinazoruka skrini zote

Kwa programu zinazojulikana, ninashauri kutumia winget, chombo cha Microsoft cha kusakinisha programu kwa kuandika amri, ambacho kimo tayari katika Windows 11 na katika Windows 10 zilizosasishwa. Fungua Terminal au PowerShell, andika winget search vlc ili upate kitambulisho, kisha winget install -e --id VideoLAN.VLC. Chombo hiki huchukua faili kutoka kwenye anwani iliyosajiliwa na hulinganisha alama yake ya utambulisho kabla ya kulifungua, na kwa kawaida usakinishaji hupita bila kukuonyesha skrini za ofa. Tovuti ya Ninite nayo hufanya kazi ya namna hiyo kwa kubofya, na hukataa upauzana kwa niaba yako, ila toleo lake la bure ni kwa matumizi ya nyumbani. Mwenye biashara asilitumie dukani. Programu za kubebeka, zile zinazofunguliwa kutoka kwenye folda bila kusakinishwa, ni njia nyingine nzuri, mradi zimetoka kwa mtengenezaji.

Kama tayari zimeingia

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hii Gugo yako mbona leo si ile ya juzi? Nimeandika jina la wizara, naletewa bei za simu.”

Mteja akisema hivyo, usimwambie asubiri mtandao utulie. Mwombe asiweke nywila yoyote, na kama ulikuwa umeshafungua akaunti yake, ifunge. Kisha fuata mpangilio huu, kwa sababu ukianza na kivinjari kabla ya kuondoa programu yenyewe, mipangilio itarudi ilivyokuwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, na upange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Vilivyoingia siku moja na ile programu ya bure vitajipanga pamoja. Ondoa usivyovijua kimoja kimoja, na usome maswali ya kuondoa kama ulivyosoma ya kusakinisha, maana baadhi huandika kitufe cha “Keep” kwa rangi nzito na cha kuondoa kwa maandishi yaliyofifia. Jina usilolijua ambalo mtengenezaji wake ni Microsoft, Intel au Realtek liache. Hilo ni la mashine.

Hapo ndipo uende kwenye kivinjari. Katika Chrome fungua chrome://extensions na uondoe viendelezi ambavyo hakuna aliyeviweka kwa makusudi, kisha rekebisha injini ya utafutaji na ukurasa wa kuanzia. Kama Chrome inasema inasimamiwa na taasisi ilhali duka ni lako mwenyewe, angalia chrome://policy. Kuna programu huandika masharti yake humo ili usiweze kuyabadilisha, ingawa antivirusi halali nazo huweza kuacha alama hiyo. Sehemu ambayo wengi huisahau ni ikoni yenyewe. Bofya ikoni ya Chrome kwa kitufe cha kulia, fungua “Properties”, utazame mstari wa “Target”. Kwa kawaida huishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imeongezwa baada ya hapo, ifute. Ndiyo inayokurudisha kwenye ukurasa ule ule kila asubuhi.

Malizia kwa AdwCleaner, programu ya kusafisha programu za kudandia kutoka tovuti ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, kisha uwashe upya kompyuta na kukagua kichupo cha “Startup” katika Task Manager. Ikiwa bado matangazo yanatokea, tumia pale mahali pa kurudia ulipopatengeneza mapema.

Usilichukulie jambo hili kama kero ya matangazo tu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Superfish, programu ya matangazo iliyowekwa katika baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo, ilikuwa ikijipenyeza katikati ya mawasiliano yaliyofichwa, yakiwemo ya benki. Mwenye steshenari anayepokea namba za NIDA na nywila za wateja anabeba dhamana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeliweka wazi suala la kuzilinda taarifa hizo.

Folda moja ya visakinishi

Kwa kuwa bando ni ghali na visakinishi huzunguka kwa flashi kutoka duka hadi duka, inafaa kila duka liwe na folda yake ya visakinishi kamili vilivyochukuliwa kwa wenyewe. Jina la kila faili liwe na toleo na tarehe ya kupakuliwa, na kando yake liwepo faili la maandishi lenye alama ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili, ambayo utaipata kwa kuandika Get-FileHash na jina la faili katika PowerShell. Linganisha alama hiyo na ile iliyotangazwa na mtengenezaji siku unapolipakua. Baadaye, flashi ikirudi kutoka kwa jirani, ilinganishe na ile uliyoiandika. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limebadilishwa au limeharibika, na kwa vyovyote halifai kusakinishwa. Toleo jipya likitoka, futa la zamani badala ya kuyaacha yote mawili, la sivyo kijana wa zamu atachukua lililo karibu.